Joto la Asubuhi na Siku za Kupata Mtoto

Swali hili haliulizwi katikati ya mkutano wa kikundi. Huulizwa baadaye, pesa za mzunguko zikishahesabiwa na daftari kufungwa, wamama wakijifunga lesso kurudi nyumbani. Ndipo mmoja hubaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu, kisha aseme polepole: "Dada, huu ni mwaka wa tatu na sijapata. Nimesikia kuna kupima joto. Inafanywa namna gani?"

Vijijini kwetu mwanamke ambaye hajazaa huitwa jina lake la ubatizo mpaka uzeeni, maana hakuna mtoto wa kumpa jina la Mama Fulani. Wengine huitwa majina mabaya kuliko hilo. Hana wa Biblia alichokozwa na Penina mwaka baada ya mwaka hata akakataa chakula, na mambo hayo hayakwisha siku za Samweli. Tumeona ndoa zikivunjika na mahari ikidaiwa, na mara nyingi hakuna aliyejua kama shida ni ya mke, ama ni ya mume, ama ni siku tu zilikuwa hazikutani. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili wazi, na wazee tafadhali msiruke ukurasa huu mkidhani ni wa wamama.

Joto hupanda yai likishatoka

Tuanze na jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Joto la mwili wa mwanamke hupanda baada ya yai kutoka, si kabla. Mama anayengoja themomita ipande ndipo amwite mume amefika sokoni watu wakikunja magunia.

Mwili hufanya kazi hivi. Mwezi unahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu ya hedhi. Hiyo ndiyo siku ya 1. Siku zinazofuata yai moja linakomaa katika kifuko cha mayai, halafu linatoka. Likitoka, linakaa hai saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume ni za kuvumilia zaidi. Zikipata ute mzuri ndani ya mwanamke zinaweza kuishi mpaka siku 5. Kwa hivyo kazi ni ya mbegu kulingoja yai njiani, si yai kuzingoja mbegu.

Yai likishatoka, pale lilipokuwa hubaki kitu kinachotengeneza homoni iitwayo projesteroni, na hiyo ndiyo inayopasha mwili joto. Si joto la kuhisi kwa mkono. Ni kiasi cha digrii 0.2 hadi 0.5 tu, na ndiyo sababu lazima kupima. Linakaa juu kama wiki mbili. Mimba isiposhika, homoni inapungua, joto linashuka na hedhi inakuja.

Mwaka wa 1995 huko Marekani, Allen Wilcox na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto. Waliona kwamba mimba zote zilitokana na siku 6 tu za mwezi: zile 5 kabla ya yai kutoka pamoja na siku yenyewe ya kutoka. Baada ya hapo hawakuona hata moja. Na hata katika hizo siku 6 hakuna uhakika. Siku ya kwanza ya hizo nafasi ilikuwa kama 1 kwa 10, na siku ya yai lenyewe kama 1 kwa 3. Kwa hivyo mtu asikate tamaa kwa sababu mwezi mmoja uliopangwa vizuri umepita bure. Hata watu wazima kabisa wa afya hupita miezi kadhaa.

Mtauliza, kama joto huja baada ya mambo kwisha, linafaa nini? Linafaa kwa sababu mwili wa kila mwanamke una desturi yake. Ukiandika miezi mitatu unajua yai lako hutoka kama siku ya ngapi, na mwezi wa nne unajipanga mapema. Ni kama vile mkulima anavyoandika siku mvua ilipoanza. Hakuileta mvua, lakini mwaka ujao hatapanda gizani.

Kuna wale wanaofundishwa "siku ya 14" kana kwamba ni amri. Siku ya 14 ni ya mama ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake huenda likatoka siku ya 21. Zile wiki mbili zisizobadilika sana ni za baada ya yai, si za kabla.

Namna ya kupima

Themomita ya kawaida ya homa inatosha, bora ionyeshe vipande vya 0.1, kama 36.3, 36.4. Zinazopatikana siku hizi dukani ni zile za betri zinazolia zikimaliza. Kama unayo ya kioo, iweke chini ya ulimi dakika 5 kamili, mdomo umefungwa. Ile ya kulengwa kwenye paji la uso kama bunduki, iliyoenea wakati wa Korona mwaka wa 2020, haifai kazi hii, kwa sababu inaweza kukosea zaidi ya hizo digrii 0.2 unazozitafuta.

Pima asubuhi ukiamka, kabla ya kuinuka. Hapa ndipo wengi huharibu. Mama wa kwetu akifungua macho mguu uko chini tayari: kuna moto wa kuwasha, ng'ombe wa kukamua, watoto wa jirani wanapita kwenda shule. Ukishainuka, ukaenda choo ama kunywa maji, damu imechangamka na kipimo cha siku hiyo hakina maana. Weka themomita karibu na mto usiku. Ile ya kioo ikung'ute jioni, si asubuhi, kwa sababu kule kukung'uta kwenyewe ni kazi. Pima saa ile ile kila siku kadiri unavyoweza, na uwe umelala angalau saa 3 mfululizo. Mdomoni iwe mdomoni kila siku. Usibadilishe mara kwapani, mara mdomoni.

Osha themomita kwa maji baridi na sabuni. Maji ya moto hupasua ile ya kioo. Na kama ya kioo ikivunjika, ile zebaki inayometameta ni sumu. Watoto wasiichezee, usiifagie kwa ufagio. Fungua madirisha, ikusanye kwa karatasi ngumu, itie kwenye chupa yenye kifuniko na uulize zahanati pa kuipeleka.

Kuandika, chukua daftari la hesabu lenye vyumba vidogo vya mraba. Upande wa kushoto andika kutoka 36.0 chini mpaka 37.2 juu, kila chumba 0.1. Chini andika siku 1 hadi 35. Kila asubuhi tia nukta moja, kisha uunganishe nukta kwa mstari. Kundi linaloweza kuandika mikopo na riba haliwezi kushindwa na hii. Tunashauri mume ndiye atie nukta. Mke anapima, mume anasoma na kuandika. Wanaume wengi wanakubali kazi hii upesi kuliko tunavyodhani, na tangu hapo jambo linakuwa la wawili.

Ukiwa na malaria ama mafua, ukilala vibaya kwa sababu ya msiba, ukinywa pombe, ukichelewa kuamka, andika kando: "homa", "matanga". Nukta ya siku hiyo isihesabiwe. Katika sehemu zetu za malaria, mwezi wa homa mara nyingi ni mwezi wa kupoteza, na dawa ya malaria isingoje chati.

Joto limepanda kweli ukiona siku 3 mfululizo zote ziko juu kuliko zile 6 zilizotangulia, na ile ya tatu iko juu angalau 0.2 kuliko kubwa ya zile sita. Nukta moja iliyoruka peke yake haihesabiki.

Mume wa mwisho wa mwezi

Sasa tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini watu hawa mnawajua. Mke yuko shambani Mwingi, mume ni askari wa usiku Nairobi. Huja nyumbani mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, analala siku mbili, anarudi. Miaka mitatu, hakuna mtoto, na mama mkwe ameanza kusema.

Mke aliandika. Hedhi ya kwanza ilianza tarehe 3 Machi. Joto lake la siku za mwanzo lilikuwa 36.2, 36.3, halikupita 36.4. Siku ya 16, yaani tarehe 18 Machi, likawa 36.6, kesho yake 36.7, kesho kutwa 36.7. Likakaa juu mpaka hedhi ikaja tarehe 1 Aprili. Yai basi lilitoka kama tarehe 17 Machi. Mume alifika tarehe 30, siku ya 28 ya mzunguko. Yai lilikuwa limekufa karibu wiki mbili.

Aprili, joto lilipanda siku ya 18, tarehe 18. Mume alifika tarehe 30, na hedhi ikaja tarehe 2 Mei. Mwezi huo wa Mei, joto likapanda siku ya 15, tarehe 16, na hedhi ikaja tarehe 30. Mume alipobisha mlango usiku huo alimkuta yuko kwa siku zake.

Hapo hakuna mgonjwa. Kuna basi la mwisho wa mwezi tu. Kwa kuwa mzunguko haulingani sawasawa na kalenda, mara moja ama mbili kwa mwaka siku zao zinaweza kukutana, na zikikutana nafasi bado ni ile ya 1 kwa 3 kwenda chini. Miaka mitatu inaweza kupita hivyo hivyo bila ajabu yoyote.

Wafanye nini? Wachukue siku ya kupanda iliyo mapema kabisa katika ile miezi mitatu, yaani ya 15, watoe 6, wanapata 9. Mzunguko mpya umeanza tarehe 30 Mei, kwa hivyo siku ya 9 ni tarehe 7 Juni. Mwisho ni siku moja kabla ya ile ya kupanda iliyochelewa kabisa, yaani ya 17, ambayo ni tarehe 15 Juni. Likizo ya mume iombwe tarehe 7 hadi 15 Juni, si mwisho wa mwezi. Katika siku hizo walale pamoja kila baada ya siku moja. Si lazima kila siku, na kujinyima wiki nzima "kukusanya nguvu" hakusaidii.

Kama mwajiri hatoi likizo na kuna siku mbili tu za kupumzika, inabidi kujua zaidi ya hapo. Ndipo tunafika kwa ute.

Mnajua kwa ng'ombe

Wamama mtatusamehe mfano huu, lakini wafugaji wa maziwa katika vikundi wanalijua somo tayari. Ng'ombe akisimama apandwe na wenzake, na ute mwangavu unaovutika ukining'inia nyuma, tunasema yuko kwa joto na tunamwita mtu wa A.I. Aliyeonekana asubuhi hupandishwa jioni, wa jioni hupandishwa asubuhi. Kwa nini haraka? Kwa sababu zile dalili huja kabla ya yai kutoka.

Neno hili "joto" ndilo lililochanganya watu. Joto la ng'ombe ni hamu na ute, na huja mbele ya yai. Joto la themomita huja nyuma ya yai. Ni mambo mawili tofauti yenye jina moja.

Mwanamke naye ana ute. Baada ya hedhi kuna siku za ukavu, halafu ute mzito kama uji, halafu siku chache ute mwangavu unaoteleza, unaovutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi la kuku. Siku hizo za kuteleza ndizo siku zenyewe. Ute huo ndio unaolisha na kupitisha mbegu. Siku ya mwisho ya kuteleza huwa karibu sana na siku ya yai, halafu unakauka na themomita inapanda. Daktari John Billings na mkewe Evelyn, wa Melbourne huko Australia, waliuchunguza ute huu kuanzia miaka ya 1950, na katika parokia nyingi hapa Kenya wako walimu wa njia yao. Wengi wanaijua kama njia ya kupanga uzazi, kuziepuka hizo siku. Anayetafuta mtoto anazitumia siku zile zile kinyume chake.

Kwa hivyo yule mke wa Mwingi akiona ute umeanza kuteleza, apige simu Nairobi siku hiyo hiyo, asingoje themomita. Themomita itakuja kumthibitishia baadaye kwamba yai lilitoka kweli. Hizo mbili zikiandikwa pamoja kwenye chati moja zinasaidiana kuliko moja peke yake.

Na wasioshe ndani kwa sabuni ama dawa za kienyeji "kusafisha nyumba". Kuosha ndani kunaharibu huo ute na kunaweza kuleta maambukizi.

Chati ikisema kuna shida

Mstari ukikaa chini mwezi mzima, bila kupanda, huenda yai halikutoka. Mwezi mmoja wa namna hiyo si kitu, unaweza kumpata yeyote. Ikiendelea miezi mitatu, peleka daftari hospitali. Kuna sababu nyingi na baadhi zina dawa. Anayenyonyesha mara kwa mara anaweza kukaa bila yai. Aliyetumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi asishtuke: baada ya kuiacha, miezi mingi inaweza kupita kabla mwili kurudi, hata karibu mwaka, lakini haiharibu kizazi kama watu wasemavyo.

Joto likipanda vizuri lakini likashuka kabla ya siku 10, mwonyeshe pia daktari.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, hasa wazee. Chati inaweza kuwa nzuri kama ya kitabu na mtoto asipatikane. Chati inasema jambo moja tu, kwamba yai limetoka na lini. Haisemi kama mirija iko wazi, na haisemi lolote juu ya mbegu za mume. Mirija huziba kwa sababu ya magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasipotibiwa, ama uchafu ulioingia baada ya kujifungua au mimba kutoka. Klamidia hasa huweza kukaa kimya bila maumivu yoyote, kwa mke na kwa mume.

Na katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mwanamume ana sehemu yake, peke yake ama pamoja na mke. Mwanamume hawezi kujijua kwa kuangalia nguvu zake. Nguvu za kitandani ni kitu kingine, mbegu ni kitu kingine. Hata aliyezaa na mke wa kwanza anaweza kuwa na shida sasa. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vyote vya wanawake: hakuna kisu, hakuna sindano. Anakaa bila tendo la ndoa siku 2 hadi 7, anatoa mbegu kwenye chupa safi, zinaangaliwa kwa hadubini. Tumejua wamama waliozunguka hospitali na waganga miaka mingi, wameuza mbuzi na mahindi, kabla mume hajaombwa hata mara moja atoe hicho kipimo. Sisi tunasema kingefanywa kwanza.

Kungojea ni muda gani? Shirika la Afya Duniani linahesabu miezi 12 ya kukutana bila kinga kabla ya kusema kuna shida ya uzazi. Mwanamke aliyefika miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Na ambaye hedhi yake haiji, ama ana maumivu makali ya tumbo, ama mume aliwahi kuumia korodani, waende mara moja. Shirika hilo hilo lilisema mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupata shida hii wakati fulani wa maisha yake. Msidhani ni nyumba yenu peke yenu.

Kabla ya kuanza kutafuta mtoto, wawili waende wapimwe damu pamoja, pamoja na virusi vya Ukimwi. Kama mmoja anavyo na mwingine hana, wasianze kukutana bila kinga kwa sababu ya chati. Waulize kliniki kwanza. Mwenye virusi akimeza dawa vizuri mpaka virusi vishuke visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na watu wengi wamepata watoto wazima kwa njia hiyo. Mke pia aulize vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, aanze kumeza hata kabla mimba haijashika, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto huundwa katika wiki za kwanza kabisa.

Daftari hili ni siri ya wawili. Lisisomwe na mama mkwe wala lisiletwe mbele ya wazee kuonyesha nani ana makosa. Na mkiona kupima kumeleta ugomvi, tarehe zimekuwa kama kesi ya korti, pumzikeni mwezi mmoja ama miwili. Ute unaweza kuangaliwa bila kalamu.

Asubuhi moja mtaona joto halijashuka. Siku ya 12 baada ya kupanda iko juu, ya 15 iko juu. Likifika siku 18 bila hedhi, huenda mimba imeshika. Themomita imemaliza kazi, sasa ni kipimo cha mkojo na kliniki. Asingoje tumbo lionekane. Akisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, ama kizunguzungu na damu, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa maana mimba inaweza kuwa imekaa kwenye mrija.